Kutembea na kuendesha baiskeli porini wakati wa kiangazi: kuanzia Iringa mpaka Chunya, hatua kwa hatua

Watu wengi wakisikia Nyanda za Juu Kusini wanawaza baridi, chai, viazi na mvua, na ni kweli, lakini toka Iringa mjini ushuke uelekee Pawaga au Idodi, au vuka milima ya Mbeya uteremke upande wa Chunya, unakuta nchi nyingine kabisa, migunga, mibuyu, mito ya mchanga isiyo na tone la maji na jua ambalo saa tano asubuhi limeshakaa utosini. Huko ndo kuna njia tamu za kutembea kwa miguu na za baiskeli za milimani kuanzia mwezi wa sita mpaka wa kumi, na ndo huko huko watu wanapata shida maana wanaenda na mazoea ya mjini. Nimeandika hii kwa yeyote anayetaka kwenda na kurudi salama, na kitu kimoja nitakirudia rudia hapa chini: safari ya nchi kavu inapimwa kwa maji, sio kwa kilomita.

Hatua ya kwanza: jua njia yako inaanza kwa kushuka au kwa kupanda

Hili watu hawalifikirii kabisa. Mlima wa kawaida unapanda ukiwa na nguvu asubuhi, unashuka ukiwa umechoka, ni rahisi. Lakini njia nyingi za huku kwetu zimegeuka, unaanzia juu kwenye ubaridi, unateremka kwa raha zako kwenda bondeni, alafu wakati wa kurudi ndo unapanda, mchana, maji yamepungua, miguu imeisha. Iringa mjini iko zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, wakati bwawa la Mtera liko kwenye mita 700 hivi, na kwa kila mita 1,000 unazoshuka joto linaongezeka kama nyuzi sita, kwahiyo hata kama umetoka nyumbani umevaa sweta usidanganyike, chini kule ni habari nyingine.

Kwahiyo kabla ya kitu chochote jiulize, kipande kigumu kiko mwanzo au mwisho? Kama kiko mwisho, kata urefu wa safari nusu, au panga gari la kukupokea chini ili usilazimike kupanda.

Njia za kuanzia, kwa maoni yangu:

Isimila, kama kilomita 20 kutoka Iringa barabara ya Mbeya, hii ni ya miguu na inamfaa hata ambaye hajawahi kutembea porini. Unashuka kwenye korongo ambapo ziliokotwa zana za mawe mwaka 1951 na uchimbaji mkubwa ukafanyika 1957 na 1958, mashoka ya mawe bado unayaona, alafu unaendelea mpaka kwenye zile nguzo ndefu za udongo zilizochongwa na maji ya mvua kwa miaka na miaka. Unalipa kiingilio getini na unapewa mtu wa kukuongoza. Nguzo ni laini, ukiparaza tu mkono unabaki na mchanga kiganjani, kwahiyo usipande na usiandike jina lako, tafadhali sana. Ila angalizo, usiende Isimila kwa baiskeli kupitia lami, ile ni barabara kuu ya kwenda Tunduma na Zambia, malori yanapishana usiku na mchana na pembeni huna pa kukimbilia, pakia baiskeli kwenye gari au tafuta njia za vumbi za vijijini ukiwa na mtu anayezijua.

Loleza, ule mlima ulioko mgongoni mwa Mbeya mjini, mita 2,656. Mji uko kwenye mita 1,700 hivi kwahiyo ni kupanda karibu kilomita nzima kwenda juu, ila ni njia ya kupanda kwanza, ukichoka unageuka unateremka mjini. Watu wanadanganywa na ubaridi wake, wanabeba kachupa kamoja ka nusu lita kisa ni Mbeya, kumbe kiangazi kule mgongoni majani yamekauka kabisa, upepo unakukausha na jua linachoma bila wewe kuhisi. Juu kuna minara ya mawasiliano, usiisogelee. Na usiende peke yako.

Kwa wenye baiskeli, kuna upande wa Chunya, njia za miombo na mchanga, na kuna ile barabara ya Chimala kwenda Matamba inayoitwa Hamsini na Saba kwa sababu ya kona zake 57, hii ni ya anayejua breki zake vizuri, nitairudia.

Hatua ya pili: ruhusa na wenyeji

Kwanza yale yasiyo na mjadala. Ndani ya hifadhi ya Ruaha huendeshi baiskeli, na kutembea kwa miguu ni kwa kupanga na hifadhi na kwenda na askari mwenye silaha. Maeneo ya pembeni kama Idodi, Tungamalenga na Pawaga kuna ardhi ya vijiji iliyotengwa kwa ajili ya wanyamapori, nayo ina wenyewe na ina taratibu zake, usiingie kwa sababu tu umeona kijinjia. Tembo hawajui mpaka.

Kwingine kote, pita ofisi ya kijiji au kwa mwenyekiti wa kitongoji, salimia, sema umetoka wapi unaenda wapi na unarudi saa ngapi. Ni adabu, na pia ndo taarifa yako ya usalama, maana usiporudi ni wao watakaokutafuta kabla ya mtu mwingine yeyote. Omba kijana wa kuongozana naye, mkubaliane bei mapema kabla hamjaanza safari, na umlipe vizuri. Upande wa Iringa ukianza na "kamwene", salamu ya Kihehe, nyuso zinafunguka hapo hapo, lakini kwa wazee shikamoo haikwepeki.

Na uliza swali la maji. Usiulize "njia ni mbali?" maana kila mtu ana umbali wake, mwingine anaenda gulioni kilomita 15 kwa miguu na kurudi, kwake hapo ni karibu tu. Uliza hivi:

"Shikamoo mzee."
"Marahaba, mnaelekea wapi na jua hili?"
"Tunashuka mpaka mtoni mzee, tulitaka kujua kama maji yapo."
"Mto upo, maji hamna. Labda mchimbe."

Hapo umepata jibu ambalo hakuna ramani ya simu itakupa. Ramani pakua kabla, Organic Maps au OsmAnd zinafanya kazi bila intaneti, lakini ule mstari wa bluu unaoonyesha mto usiuhesabu kama maji, mwezi wa tisa huo ni mchanga mtupu.

Hatua ya tatu: maji, hapa soma taratibu

Kwenye jua kali mtu anayetembea au kuendesha baiskeli anahitaji nusu lita mpaka lita nzima kila saa. Safari ya masaa matano basi ni lita nne kwa mtu mmoja, ni kilo nne mgongoni, zito ndio lakini beba. Gawanya kwenye chupa tofauti, sio dumu moja, likipasuka au likimwagika umekwisha.

Sasa kanuni ninayoishika mimi, gawa maji yako mafungu matatu. Fungu la kwanza la kwenda, na likiisha tu UNAGEUKA, hata kama kile kilima ulichokuwa unakitaka kiko mbele ya macho yako. Mafungu mawili yanabaki ya kurudi na ya dharura. Watu wanasema nusu kwa nusu, hapana, nusu kwa nusu ni kosa kwa sababu unaenda asubuhi kwenye ubaridi na unarudi kwenye jua, kurudi kunakunywa maji zaidi ya kwenda, tena kama njia yako ni zile za kushuka kwanza ndo kabisa. Na kama mko wanne, anayeamua kugeuka ni yule mwenye maji machache au aliyechoka zaidi, sio mwenye nguvu, hilo mkubaliane mkiwa bado nyumbani kwa sababu porini kila mtu anaona aibu kusema.

Jasho linatoka na chumvi, kwahiyo maji matupu peke yake kwa masaa mengi hayatoshi. Nunua paketi za ORS duka la dawa, bei yake ni ndogo mno, au tengeneza mwenyewe: maji safi lita 1, sukari vijiko vya chai 6 vya kufuta sio vya kujaza mlima, chumvi nusu kijiko cha chai. Usizidishe chumvi. Kwa kutafuna beba karanga, ndizi, viazi vya kuchemsha, chapati, kitu unachokijua tumbo lako linakikubali. Soda za kuongeza nguvu siziamini kwenye jua, kunywa maji kwanza.

Ukilazimika kuchota maji njiani, chemsha au tumia vidonge vya WaterGuard usubiri muda ulioandikwa kwenye pakiti. Maji ya mifereji ya mashamba ya mpunga kule Pawaga na Usangu usiyaguse, kuna dawa za mashamba ambazo kuchemsha hakuziondoi, na kuingiza miguu humo unatafuta kichocho.

Hatua ya nne: baiskeli na miiba

Adui mkubwa wa baiskeli huku sio mawe, ni mbigili. Ni kammea kadogo kanakotambaa chini, kana maua ya njano, na tunda lake lina miiba pande zote kiasi kwamba likianguka vyovyote vile kuna mwiba mmoja unatazama juu. Unapita mara moja tu pembeni ya njia na tairi zote mbili zimepata. Ndo maana nasema kaa katikati ya njia iliyokanyagwa, usikwepe kokoto ukaingia kwenye majani. Ukiweza kupata tairi zisizo na tyubu zenye dawa ya kuziba ndani ni nzuri sana, ila baiskeli nyingi zetu ni za mtumba na zina tyubu za kawaida, hakuna shida, beba tyubu mbili, viraka, solusheni, msasa, pampu na vyuma viwili vya kufungulia tairi.

Pancha ikitokea: kwanza sogea kivulini, usifanye kazi juani. Mwiba ukiuona usiuchomoe hapo hapo, weka alama kwanza mahali ulipo ili ujue pa kutafuta kwenye tyubu. Toa tyubu, jaza upepo, na kwa kuwa hatupotezi maji kwa kutafuta tundu, pitisha tyubu taratibu karibu na shavu au mdomo, utausikia upepo unapokugusa. Ukipata tundu la kwanza usifurahi, endelea mpaka mwisho kwa sababu mbigili mara nyingi inatoboa zaidi ya sehemu moja, na hii ndo inayofanya mtu azibe, aondoke, na baada ya mita mia tatu yuko chini tena. Piga msasa mpaka mng'ao uishe, paka solusheni, alafu SUBIRI, dakika tatu nne mpaka ikauke uione imefifia, kiraka kikiwekwa kwenye solusheni mbichi kinatoka. Kandamiza kwa nguvu. Kabla ya kurudisha tyubu, pitisha soksi au kitambaa ndani ya tairi zima, mwiba uliobaki utanasa kitambaa, usitumie kidole kitupu.

Cheni: msipake oili chafu ya gari, najua mafundi wengi ndo wanayotumia na mjini inasaidia, ila kwenye vumbi la kiangazi inakamata mchanga na kusaga meno ya gia. Paka oili nyepesi kidogo, zungusha, alafu futa yote ya nje kwa kitambaa kikavu.

Breki kagua siku moja kabla, zote mbili. Kwenye mteremko mrefu kama Hamsini na Saba usishike breki moja kwa moja kutoka juu mpaka chini maana inapata moto na kupoteza nguvu, punguza mwendo kwa nguvu kabla ya kona, achia, ingia kwenye kona bila kubana, punguza tena kwenye ya mbele. Ukisikia harufu ya kuungua simama ipoe. Na kaa upande wako, Fuso inayopanda kufuata viazi haikuoni mpaka mmekutana.

Helmeti vaa. Miwani pia, ya vumbi na vijiti.

Hatua ya tano: saa za kutoka

Saa kumi na mbili alfajiri uwe njiani, sio ndo unatafuta chai. Mwezi wa saba Iringa na Mbeya alfajiri ni baridi kweli kweli, vaa koti unaloweza kulikunja likaingia kwenye begi. Lenga kuwa umemaliza au uko kivulini ifikapo saa tano. Ukikwama, pumzika chini ya mti mpaka saa tisa na nusu alafu uendelee, hicho ndo wanachofanya wachungaji na wao wanaijua nchi yao. Giza linaingia haraka kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni, tochi iwepo hata kama safari ni ya asubuhi tu.

Mikono mirefu, kofia pana, na mtandio au kanga ya kulowesha na kuvaa shingoni. Upande wa Idodi na Tungamalenga acha nguo za bluu iliyokolea na nyeusi, mbung'o wanazipenda.

Hatua ya sita: ukiwa njiani

Kupishana. Kwenye njia za jangwani kule Arizona, Marekani, kanuni ni kwamba baiskeli inampisha mtembea kwa miguu na wote wawili wanampisha mwenye farasi, na mantiki yake inatufaa kabisa, weka tu ng'ombe mahali pa farasi. Ukiona kundi la ng'ombe mbele, shuka, simama upande mmoja wa njia sio kila mtu upande wake, ongea kwa sauti ya kawaida ili wajue wewe ni binadamu, msalimie mchungaji, subiri wapite wote. Baiskeli haina sauti, ng'ombe akishtuka wanatawanyika na yule kijana atashinda juani kuwakusanya kwa ajili yako. Mbwa wakikujia, shuka na weka baiskeli katikati yenu, ukikimbia watakufuata.

Mchanga. Weka gia nyepesi kabla hujaingia, kaa nyuma kidogo kwenye siti, kanyaga mfululizo, usigeuze usukani kwa nguvu. Kupunguza upepo kidogo kwenye tairi kunasaidia, ukitoka kwenye mchanga rudisha. Ukizama shuka usukume, hakuna aibu.

Na usikate njia mpya, hii naisema kwa uchungu. Ardhi kavu ya huku ikikwaruzwa na tairi kwenye mteremko, mvua ya kwanza ya mwezi wa kumi na mbili inafuata ule mfereji wako, na baada ya misimu michache ni korongo linalokula shamba la mtu. Chupa na makaratasi rudi nayo, ng'ombe na mbuzi wanakula plastiki na inawaua. Moto usiwashe kabisa, sigara pia, majani ya mwezi wa nane na wa tisa yanashika kwa cheche na kwa upepo wa mlimani moto hauzimiki.

Upande wa Chunya ongeza hili, dhahabu ilianza kuchimbwa kule tangu miaka ya 1920 na mashimo ya zamani yapo porini, mengine yamefunikwa na majani. Kwahiyo hata kujisaidia usiende mbali na njia bila kuangalia unapokanyaga.

Wanyama, nyoka na nyuki

Tembo: ukiona kinyesi kibichi au matawi yaliyovunjwa na bado yana unyevu, geuka. Alfajiri sana na jioni usipite karibu na mito na mashamba ya Tungamalenga na Idodi, ndo saa zao.

Nyoka wa kuogopa zaidi njiani ni moma, mfupi mnene, anajilalia tu kwenye vumbi na hakimbii mtu akija, ndo maana anakanyagwa. Angalia unapoweka mguu na mkono, hasa ukikaa kwenye mawe. Mtu akiumwa: usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kubana damu. Mtulize, asitembee kama inawezekana, toa pete na saa, funga kiungo kwenye kijiti kisichezecheze, mkimbize hospitali. Kumtafuta nyoka ni kupoteza muda.

Nyuki wanakaa kwenye mibuyu na mizinga imetundikwa kwenye miti sehemu nyingi za miombo, usipumzike chini yake. Wakikuvamia kimbia moja kwa moja ukiwa umefunika uso, usipigane nao, usitupe mikono.

Mtu akizidiwa na jua

Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, kichefuchefu, misuli kukaza, mkojo kuwa wa rangi ya chai. Hapo bado ni rahisi, kivulini, miguu juu, ORS kidogo kidogo. Lakini akianza kuongea vitu visivyoeleweka, kuyumba, au ngozi imekuwa ya moto sana, hiyo ni hatari ya kufa, usisubiri apate nafuu. Mvue nguo za juu, mloweshe mwili mzima hata kwa maji yenu ya kunywa, mpepee bila kuacha, na mmoja aende kutafuta usafiri. Asiyejitambua usimnyweshe kitu. Namba ya dharura ni 112, ila mtandao mabondeni unakatika, kwahiyo boda wa kijiji cha karibu ambaye ulichukua namba yake asubuhi anaweza kufika kabla ya gari lolote, na mwenye simu apande sehemu ya juu ndo apige.

Ukirudi

Pita tena kwa mwenyekiti umwambie mmetoka wote. Endelea kunywa maji jioni hata kama kiu imeisha. Na baiskeli usiiegeshe ukalala, zungusha tairi taratibu kwenye mwanga na utoe kila mwiba uliobaki na koleo, ile iliyozama nusu haijafika kwenye tyubu bado, itafika ukiendesha kesho.